Mtu wa Uzito Wangu

Molo, 9 Juni 1957

Kwa Baba Nekesa,

Salamu nyingi kutoka shambani. Nekesa ameng'oka meno mawili ya mbele, na pareto inakauka vizuri. Baridi ni ile ile.

Barua yako nimeisoma. Unasema Mhindi wa dukani amekuruhusu kujaribu pikipiki tatu kabla ya kununua, ukazunguka Nakuru yote. Hukusema kwamba Adero, yule msichana wa kantini, alikuwa nyuma yako, amekushika kiuno. Hayo nimeambiwa na kaka yangu Barasa aliyewaona. Anasema ulimjibu kwamba ulihitaji mtu wa uzito wangu, ujue kama pikipiki itaweza mlima wa Sachangwan ukija kunichukua.

Uzito wangu wa lini, Khisa? Nina mimba ya miezi saba, na Adero ni mwembamba kama fito. Ungefunga gunia la viazi. Gunia halishiki mtu kiuno.

Nunua unayoipenda. Lakini pikipiki ulipanda hii, ukashuka, ukapanda nyingine, ndipo ukachagua. Wa kukaa nyuma hukumbadilisha hata mara moja.

Ni mimi mkeo,
Nasimiyu