Nilikwenda Kupima Shule, Nikapewa Ukurasa

Jumatano.

Mvua imenyesha alfajiri ikakatika, na jua likatoka na hasira zake. Matope ya barabara yetu yamekauka juu tu, chini bado yanameza viatu. Ninaandika nikiwa atelye, chumba changu cha kushonea, mlango uko wazi, sketi ya mteja imelala nusu chini ya sindano, na leo sitaimaliza. Mwenyewe anisamehe.

Leo nimeona kitu.

Nianze mwanzo. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi ya Masika katika shule ambayo nyumbani tunaiita shule ya basi, kwa sababu ina basi, na baba yake akiisifu huanza na basi na kumalizia na basi. Masika ni binti yangu wa kwanza, ana miaka kumi na miwili, anamaliza darasa la sita mwaka huu. Kuandika, anaandika vizuri kuliko mimi. Shida ni kusema. Akisimamishwa mbele ya watu, mdomo unafungwa. Huu mwaka wa pili mwalimu wake anaandika maneno yale yale kwenye buletini, ile ripoti ya shule: mtoto mzuri, hasemi.

Wiki iliyopita nilimpeleka shule ya basi. Prefe, yaani mkuu wao, alimsimamisha katikati ya ofisi ajitambulishe kwa Kifaransa. Masika akatazama vigae. Prefe akatazama saa yake, akacheka kidogo, akaniambia nisiwe na wasiwasi, wao wanawafungua wote. Neno hilo limenikaa rohoni. Mimi kazi yangu ni kushona na kufumua, na ninajua kuna mishono ambayo ukiifungua kwa haraka unachana kitambaa.

Shule nyingine ni ya Leta, yaani ya serikali, dakika kumi kwa miguu. Mtaani wanaiita shule ya wakimbizi, maana watoto wengi wanatoka kambini, familia zilizokimbia vita vya Djugu. Na hapa lazima nikiri. Mimi huhukumu shule kwa sare. Nimeshona sare za mji huu miaka kumi na minne, nikiona kola tu naijua shule. Za Leta ni nyeupe na buluu ya kila mtu, pindo limeshushwa mara mbili mpaka mistari ya zamani inaonekana, vifungo rangi tatu kwenye shati moja. Nilikuwa nikisema moyoni kwamba shule isiyo na kola yake haina hata kichwa chake.

Kiburi cha fundi, hicho.

Aliyenisukuma kwenda ni Masika mwenyewe. Jana alikuwa ananisaidia kutoa nyuzi kwenye pindo, akauliza bila kuinua macho kama shule ya Leta nayo inasimamisha watoto. Nikamwambia sijui. Nikaona aibu. Shule iko pale, hata kengele yake naisikia, ile rimu ya gari wanayoigonga kwa chuma, na sijui.

Basi leo saa nne nimefunga mashini na kuchukua daftari yangu ya vipimo. Nyuma yake nimeandika vya kukagua: choo, madirisha, mabenchi, vitabu. Nimefika getini mita ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni, maana nimezoea, siisikii tena. Inspekta mzima, na matope mpaka magotini.

Choo cha wasichana kina mlango. Nikaweka alama. Madirisha hayana vioo. Darasa la saba nusu yake ni ukuta wa matofali, nusu ni turubai. Benchi la wawili linakaliwa na wanne. Prefe wa pale, mama mwenye sauti ndogo, aliniruhusu kukaa nyuma kwenye somo la hesabu. Akanipa kiti chake mwenyewe na kurudi ofisini kusimama.

Kwenye vitabu nusura niondoke. Hapakuwa na kitabu hata kimoja. Kila watoto wawili walikuwa na karatasi moja, imechanwa kutoka kitabu, imetiwa ndani ya plastiki, kingo zake zimeshonwa kwa mkono kuzunguka. Mshono mzuri, nisidanganye. Lakini niliandika kwenye daftari: wanachana vitabu. Nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Halafu somo likaanza, na mwalimu hakufundisha. Huyu ni Mwalimu Lossa, mwanaume mwembamba mwenye koti lililopungukiwa na kifungo. Wanapitia upya kitabu chote kabla ya mitihani. Yeye alitaja tu namba ya ukurasa, na wenye karatasi hiyo wakaenda ubaoni. Wawili. Mmoja akaandika, mwingine akaeleza, na katikati wakabadilishana chaki bila kuambiwa. Walipokwama, waliinuka wenye ukurasa uliotangulia, wakawasaidia, kisha wakarudi kukaa. Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja hakusema neno lolote mpaka mwisho, aliandika tu, na hakuna aliyemwambia aseme.

Nilimtazama huyo msichana kuliko nilivyoutazama ubao.

Tukafika ukurasa wa arobaini na tatu. Mwalimu akautaja. Hakuna aliyeinuka. Akachukua mezani karatasi nyeupe tupu, nayo ndani ya plastiki, nayo imeshonwa kingo, imeandikwa jina moja tu: Rebeka. Akaiinua kwa mikono miwili. Na darasa lote, wale watoto wote wa benchi la wanne wanne, wakajibu pamoja, bila kupiga kelele:

"Iko mu njia."

Sikujua wanazungumza juu ya nani, lakini nilijua si mchezo.

Wakati wa mapumziko nilimuuliza mwalimu Rebeka ni nani. Mwalimu Lossa alikuwa anafundisha kijiji kimoja upande wa Bambu. Darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja. Ijumaa moja akakifungua nyuzi, akawagawia karatasi, wawili kwa moja, wakasome nyumbani na kuzirudisha Jumatatu. Jumapili kijiji kikakimbia. Kila mtu alishika alichoshika.

"Miye nilifika huku Bunia na ganda tu," aliniambia. Akanionyesha. Jalada la kitabu limepigiliwa misumari juu ya ubao, tupu ndani.

Kisha mtoto mmoja akamkuta kambini, akavuta karatasi kutoka ndani ya nguo, akasema, Mwalimu, Jumatatu haikufika. Baadaye akaja mwingine. Mmoja alifika baada ya miezi mingi, kupitia Niania, mzunguko wa mbali, karatasi imekunjwa ndani ya kopo la chumvi. Hakuna aliyewatuma. Watoto wamepoteza sufuria, wamepoteza mbuzi, wengine wamepoteza mama, na ukurasa wa hesabu wameufikisha. Wamekwishapanda madarasa ya juu, na hawa wa sasa wamerithi karatasi zao. Zimerudi zote isipokuwa moja, ile aliyokwenda nayo Rebeka.

Mimi na daftari yangu. Wanachana vitabu!

Nikamuuliza kwa nini hainakili hiyo moja kutoka shule nyingine, si kitabu kipo? Alinitazama kwa upole, kama vile mimi humtazama mteja anayeuliza kwa nini nisikate tu.

"Ningeikopi, mama. Ile siku nitaiweka, nitakuwa nimesema Rebeka harudi."

Nimeishi mji huu na kambi hizo miaka yote, nimepita kando ya turubai zake nikienda kununua nyuzi, na sikuwahi kujua kwamba mle ndani kuna kitabu kilichokuwa kinarudi kwa miguu.

Kisha akaona mita shingoni mwangu.

"Weye iko fundi wa nguo?"

Nikakubali. Uso wake ukafunguka. Ukurasa wa Rebeka, akasema, ni ule wa trapeze, lile umbo lenye juu kwembamba na chini kupana. Watoto wanaijua kanuni yake tangu darasa la sita, wanaiimba tu kama wimbo. Ukurasa huo ndio uliokuwa unaeleza kwa nini. Kwa hiyo kila mwaka, wakifika hapo, darasa linautafuta lenyewe, na yeye anamwita mtu mmoja wa mji ambaye mikono yake inaujua. Mwaka jana alikuja seremala wa mapaa. Kisha mwalimu akaniwekea ile karatasi nyeupe mkononi.

"Kesho saa tatu, mama. Lakini mukuje babili. Huku hakuna mutu anasimama peke yake."

Nilikwenda kupima shule, nikarudi na kazi ya nyumbani.

Sasa nikiri jambo la pili, na hili sijamwambia mtu. Shule nimeiachia Butembo, mwaka wa pili wa sekondari, na siku ya mwisho nilisimama ubaoni nikashindwa kufungua mdomo. Kanisani wakiniita kutoa ushuhuda napata kikohozi. Watu hushangaa ukimya wa Masika ameurithi kwa nani. Ameurithi kwangu. Njia nzima ya kurudi nilitafuta udhuru. Magoti. Wateja. Homa.

Masika alinikuta hapa saa tisa. Nikamsimulia yote, tangu Ijumaa ile mpaka kopo la chumvi. Alishika karatasi ya Rebeka muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mshono wa kingo. Kisha akachukua chaki yangu, akachora lile umbo kwenye karatasi ya kaki ninayokatia mifano ya nguo, na chini yake akaandika kanuni yote. Jumlisha kitako kikubwa, yaani upande mpana wa chini, na kidogo cha juu, zidisha kwa urefu, gawanya kwa mbili.

Nikamuuliza kwa nini mbili. Akainua mabega.

Nikaangalia mchoro wake, na ndipo nikauona. Hiki ni kipande cha sketi! Sketi ya vipande sita, juu kiunoni chembamba, chini kipana. Nimevikata miaka kumi na minne. Na hakuna fundi anayevipanga vyote vikitazama upande mmoja, utamaliza kitambaa cha watu. Unakilaza kimoja, cha pili unakigeuza kichwa chini miguu juu, vinabanana, hakuna kinachotupwa. Nikakata viwili vya kaki, nikavilaza hivyo mezani. Nikamwambia, angalia, mimi nikinunua kitambaa hununua cha hivi viwili pamoja, halafu kimoja ni nusu yake.

Masika akainama. Nikaona midomo yake inahesabu. Kisha akapiga meza.

"Mama! Ndo ile mbili! Ndo pale inatokeaka!"

Sauti hiyo sikuwahi kuisikia ndani ya nyumba yangu. Akanipokonya vile vipande, akaanza kunieleza mimi, ambaye ndiye niliyemwonyesha: kitako kikubwa kimekutana na kidogo, upande huu umekuwa mrefu hivi, na upande wa pili vile vile, kwa hiyo tuko na mbili, tunakata katikati. Nikarudia. Akanikosoa. Nikarudia tena.

"Hapana, mama, usikimbie. Anza na kile kikubwa."

Hapo ndipo mwenye sketi akaingia, mama mgeni kabisa kwa Masika, akiulizia nguo yake. Nikajua sasa mdomo utafungwa. Masika akamtazama, akashika kipande cha sketi yake halisi kutoka chini ya sindano, na akamweleza naye. Mpaka mwisho. Yule mama akatikisa kichwa, akasema kumbe, akaahirisha nguo yake mpaka Ijumaa na kuondoka akivua viatu tena kwa ajili ya matope.

Mimi nilijifanya natafuta mkasi. Nilikuwa ninalia.

Baba Masika amepiga simu kutoka Mongbwalu, ambako anauza vifaa vya simu. Ameuliza kama nimethibitisha. Nimemwambia kesho saa tatu mimi na Masika tuko ubaoni, shule ya Leta, darasa la saba. Akauliza kama wana basi. Nimemwambia hawana basi, wana kitabu. Akasema sauti yangu imebadilika, tutaongea vizuri akirudi. Tutaongea. Lakini nafasi ile ya shule ya basi nimeshaiacha moyoni, na nimemwambia Masika.

Kwenye daftari nimefuta ule mstari wa vitabu. Choo nimekiacha, choo ni muhimu. Lakini sijui naandika nini pale nilipofuta. Mita yangu imezoea kiuno na mabega, na leo imekutana na kitu ambacho haifiki mwisho wake.

Jua linashuka, na Masika bado anajisemea pale mezani. Sasa hivi ameniuliza: Rebeka akirudi na ukurasa wake, tutautoa huu wetu?

Nimemwambia ndiyo, siku hiyo hiyo.

Akafikiri kidogo, akasogeza karatasi yenye lile jina katikati ya meza, kaki isiliguse.

"Basi tuifanye muzuri," akasema. "Akute tulimungoja."