Mwano Usio wa Ng'ombe

Jumatatu, 1 Julai 1996
Nimekimbia hadi daraja la njia ya Sapiwi na kurudi. Raba za mtumba zimeanza kuachia soli, nimezifunga kwa mpira wa baiskeli. Mbio za mkoa ni mwezi ujao, Shinyanga. Wanaofanya vizuri huchukuliwa jeshini. Ndiyo ajira ninayoiona. Kidato cha nne nimemaliza, ushirika hauajiri mtu tena, na hapa Dutwa kinachonisubiri ni jembe la mume.

Alhamisi, 4 Julai
Siku ya gulio. Njiani nimekutana na Masanja na wenzake wawili, wale wanaopima pamba kwenye mizani ya mnunuzi binafsi. Pesa mpya mfukoni, wakaanza: "Chagulaga, mayu!" Yaani chagua, mama; nichague mmoja wao. Desturi, wanasema. Msichana hukimbia, vijana humfukuza, wakimkamata ndipo achague wa kumwoa. Nikakimbia. Kosa. Kwao kukimbia ndiyo kuukubali mchezo.

Masanja akanivuta fulana ikachanika. Nikapiga kelele, nisaidieni! Mzee aliyekuwa akiswaga ng'ombe akacheka: "Chagua basi, mayu, upumzike."

Nikachomoka. Pumzi hawana, wajinga wale.

Ijumaa, 5 Julai
Baba kaiona fulana. Hakuuliza nani kaichana. Ati nawaita mwenyewe, mwanamke mzima kukimbia barabarani kama mwehu. Kapiga marufuku. Kisha akaongeza kwamba hata mama alikimbizwa njia hiyohiyo, na akamchagua yeye, kuna ubaya gani?

Mama alikuwa anachambua pamba. Hakuinua kichwa. Nilimchukia kidogo.

Jumapili, 7 Julai
Baba kaenda Bariadi. Nimetundika gunia la pamba ghalani. Kiwiko, goti, kiwiko. Ukishikwa kwa nyuma usivutane naye. Mkanyage kwa kisigino kwanza, halafu kiwiko. Mwalimu wa michezo alitufundisha shuleni, wavulana wakatucheka.

Gunia limepasuka. Nimelishona. Marufuku ya baba naivunja kesho.

Jumatano, 10 Julai
Walinivizia darajani. Safari hii sikukimbia. Masanja akanikumbatia kwa nyuma. Kisigino. Kiwiko. Pua ikatoka damu. Wale wawili wakanijia. Kuita nisaidieni nilishajua hakuna kazi. Nikapiga mwano, yowe lile la kuita kijiji ng'ombe wakiibwa, kama babu alivyokuwa akilipiga.

Wakatoka wote. Sungusungu, walinzi wa kijiji, na pinde, wanawake na michi, hata yule mzee wa juzi, anahema. "Ng'ombe wa nani? Wameelekea wapi?"

Nikasema hakuna ng'ombe. Ni mimi.

Wakakasirika, na si kwa Masanja. Mkuu wa sungusungu akasema mwano si wa michezo ya vijana. Kesho niende barazani. Masanja kaenda zake, kashika pua.

Alhamisi, 11 Julai
Wanaume mbele, wanawake nyuma. Nikaambiwa niombe radhi kwa kukidanganya kijiji. Nikawauliza: kama ningeita jina langu tu, nani angetoka? Wanyonge hawa, na pinde zao zote.

Baba ndiye aliyejibu, kwa aibu yake. Mbona mama yangu hakupiga mwano? Alikimbizwa, akachagua, tukaishi.

Mama akasimama kule nyuma. Sijawahi kumsikia akisema barazani.

"Sikuchagua," akasema. "Nilichoka kukimbia."

Akaketi. Baba akaangalia viatu vyake. Mkuu akafunga baraza bila kudai radhi tena.

Nimelia kwa hasira usiku kucha. Hasira kwa baba, kwa wale watatu, kwa kijiji. Na kwa nafsi yangu, kwa kumchukia mama siku ile ya pamba.

Jumamosi, 13 Julai
Nimeamka, raba hazipo mlangoni. Nikadhani baba kazificha. Kumbe anazo mama, jikoni, anashona soli kwa sindano ya magunia. Uzi mweupe, mishono mikubwa. Akanipa, akaendelea na moto.

Baba alikuwa nje, anapiga mswaki. Aliniona nikitoka. Akasogea kunipisha njia.

Nimefika darajani. Hakukuwa na mtu. Nikavuka, nikaendelea hadi jua lilipotoka.

Sikuchoka.