Niliyekosana Naye

Wembley, London
Jumapili asubuhi

Kwako Swabra,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, mgongo umepunguza kukusumbua, na mama anakula vizuri bila kulalamikia sana joto la hapo Majengo. Habari zenu nazipata kwa Zein, naye kaka yetu unamjua, ananipimia kwa kijiko kama dawa ya kikohozi. Mimi kiafya sijambo, alhamdulillahi, ila moyo hautulii. Nakaa, nasimama, nachungulia dirishani, narudi kwenye kiti. Barua hii nimeianza na kuichana sijui mara ngapi.

Utaona sikukuita dada. Uliniambia mlangoni, majirani wakisikia, kwamba nikivuka kile kizingiti nisikuite dada tena, na mimi ni mtu wa kushika neno, hasa likiwa limeniudhi. WhatsApp umenifungia. Ndiyo maana naandika kwa mkono kama mtoto wa bweni. Barua nampa mpwa wa Bi Kalpana, mwenye nyumba wangu, anayekuja Nyali kwa harusi, na ameahidi kumfikishia Zein kabla ya Jumamosi. Tafadhali usiitupe kabla hujafika mwisho, kwa sababu hiyo Jumamosi atakupigia simu mwanamke usiyemjua, na ni lazima ujue anataka nini.

Anaitwa Armelle. Ni Mkongo wa Bukavu, anasomea uzamivu kama mimi, na ni mwanachama wa chama kimoja cha udada cha hapa. Usishtuke, si Freemason, wala hakuna anayechinja paka. Asili yake ni vyuo vya Marekani, na jina lake ni herufi za Kigiriki ambazo siruhusiwi kuziandika kabla sijala kiapo. Aghalabu wanaojiunga ni wasichana wadogo wa shahada ya kwanza. Lakini tawi la London ni la wakubwa, watu wa shahada ya pili na uzamivu, pamoja na wengine walioapa ujanani, wakawa mawakili, wakawa madaktari, wakawa nyanya, na bado kila mwezi wanapanda treni kutoka mbali kuja kikaoni Stratford. Wana sare ya kijani na kijivu, wana nyimbo, wana ngoma yao ya kupiga miguu chini, na kuna chama kingine hasimu ambacho wakikutana nacho ni kurushiana mafumbo tu. Siku ya kwanza nilijiona niko harusini kwetu, kundi hili na leso zao, kundi lile na leso zao. Sikuhitaji kufundishwa.

Kusema kweli nilikuwa nimechoka na upweke. Uzamivu ni kazi ya kukaa peke yako na kompyuta. Hakuna darasa, hakuna wenzio, na msimamizi ukimwona mara moja kwa mwezi umebahatika. Niliwahi kuugua mafua makali na hakuna aliyejua ila Bi Kalpana, aliyeniletea chai ya tangawizi na kunisomea risala kwa sababu sivai soksi. Armelle nilikutana naye maktaba. Alinisikia nikiitukana printa kwa Kiswahili, akacheka, na tangu hapo tukawa tunakula pamoja. Nilipomwambia mimi ni mtu mzima, si wa kuingia mambo ya wasichana, alinijibu kwamba yeye aliapa ana watoto wawili, na mmoja alikuwa mgongoni. Basi nikaomba.

Tabu yangu ilikuwa moja. Kule kila mtu ni "sister". Sister Armelle, Sister huyu, Sister yule. Neno hilo lilikuwa halinitoki kinywani, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Walidhani nina kiburi, nikawa nawaita "bibie" na kupita.

Sasa sikiliza sharti lao. Hawataki marafiki wako waje wakusifu. Wanakutaka utaje mtu mmoja uliyekosana naye na hamsemezani, kisha mwanachama mmoja ampigie simu amuulize wewe ni mtu wa namna gani. Majibu husomwa mbele ya wote, ili wakikupokea wakupokee wakiujua ubaya wako. Wewe ndiye uliyenijia kichwani kabla mwenyekiti hajamaliza kusema. Lakini nikawaza utakavyosimulia. Mama kalala na kiharusi. Wewe uliyeacha shule kidato cha pili ili mimi nisome, umejiandikisha ufanye mtihani wa kidato cha nne ukiwa na miaka arobaini na ushei. Unaniomba nibaki mpaka Desemba, nimshike mama na oda za katlesi, na mimi napanda ndege Septemba huku nikikwambia mtihani uko kila mwaka. Na utafiti wenyewe niliokuja kuufanya unahusu wanawake watu wazima wanaorudi shule. Ndiyo, cheka. Ningekuwa wewe ningecheka mpaka nilie.

Bado nasema nafasi ile nisingeipata tena. Bado nasema ulikosea kunitoa vile mbele ya watu. Ila nilijua nani angeonekana mbaya mbele ya wanawake wale, nikamtaja Bi Kalpana.

Bi Kalpana kazaliwa Makupa, Kiswahili chake kinatushinda sisi, na tamthilia za Kihindi amezitazama hata zimemwingia mwilini. Tulipanga ajifanye jirani niliyegombana naye. Armelle alipopiga, aliongea mpaka simu ikapata moto, mimi niko jikoni nasikia. Alisema mimi ni mchoyo wa vitunguu, naacha nywele bafuni, na niliazima sufuria yake ya biriani nikairudisha imekwaruzwa. Yote hayo ni kweli. Alipomaliza uso ulikuwa unamng'aa, akaniuliza kama kuna wenzangu wengine wanaohitaji adui.

Jana tukakaa kusikiliza majibu. Alitangulia Raïssa, binti wa Goma anayesomea sheria, ambaye alimtaja aliyekuwa mama mkwe wake. Yule mama alisema Raïssa ana kisirani na hasahau neno. Akasema pia kwamba Raïssa alimwacha mwanawe kwa haki, na kwamba yeye mwenyewe mpaka leo akipika pondu, kisamvu chao, humwekea Raïssa sahani kwa mazoea, kisha hukumbuka na kuiondoa. Raïssa alilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Ikaja zamu yangu: vitunguu, nywele, sufuria. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti akasema huyu amepita.

Swabra, niliona wivu. Nilimwonea wivu mtu anayelia. Yeye ana mtu aliyemkasirikia miaka na bado anamjua ndani nje, na mimi nimesemwa kwa sufuria. Nikasimama, nikasema nimedanganya, yule ni mwenye nyumba wangu, na mtu niliyekosana naye yuko Mombasa. Mwenyekiti aliniambia angeweza kunitoa papo hapo, lakini kwa kuwa nimesema mwenyewe ananipa wiki moja. Nitoe namba ya kweli, Armelle apige Jumamosi, majibu yasomwe Jumapili, na wakiridhika niape siku hiyo hiyo. Akanikumbusha kwamba mwanachama mpya anayekosa kikao hata kimoja kabla ya mwaka kwisha hufutwa na kuanza upya. Nikawapa namba yako.

Hapo ndipo penye jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwezi uliopita nilimbana Zein mpaka akatapika yote. Kumbe umejiandikisha tena, mtihani wa Novemba hii, ukamkataza asinieleze. Kumbe wa kumshika mama hujampata, yeye Zein yuko zamu bandarini, na umeanza kusema labda uache tena. Siku ile ile nilimwandikia msimamizi wangu nikaomba likizo, na tiketi nimekata. Nafika katikati ya Oktoba, naondoka baada ya mwaka mpya. Usipotaka nilale kwako nitalala kwa Zein, lakini asubuhi nitakuja nimgeuze mama, nimlishe, na katlesi nitakaanga mimi, wateja wakilalamika walalamike. Wewe utakwenda kufanya mtihani wako. Kwa hilo sikuombi ruhusa.

Kwa hiyo umeshaelewa. Hata ukinisifu mpaka Armelle alie, mwaka huu siapi, maana vikao vya Oktoba mpaka mwaka mpya nitakuwa Majengo. Nilipaswa kumwambia tangu nilipokata tiketi. Sijamwambia, na sitamwambia kabla ya Jumapili, kwa sababu nikimwambia hatakupigia, na mimi nataka akupigie. Miaka miwili sijasikia unasema nini juu yangu. Zein anachuja. Armelle hachuji, atasoma kama ulivyotamka, na mimi nitakaa mbele kabisa nisikilize. Baada ya hapo nitawaeleza ukweli, wanifukuze wakitaka.

Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa, akisema "bon" kila mara usidhani anakukaripia. Mbusu mama kiganja cha mkono ule unaosikia. Zein nisalimie na usimgombeze sana, nilimbana kweli kweli. Bi Kalpana naye anakusalimu, kwa Kiswahili cha kujivunia.

Niseme vibaya utakavyo, haki hiyo unayo. Ila usifanye haraka kukata simu.

Ni mimi,
Ummukulthum