Mkwe Wangu na Kiko cha Bangi

Jumatatu, 6 Machi 1911
Uji. Nimeuweka mlangoni kwa baba mkwe, nikakohoa, nikaondoka. Ndivyo ilivyo kila asubuhi. Mkaza mwana hamgusi mkwe wake wala haingii kwake. Mume wangu yuko Moshi kwenye kazi ya reli, mama mkwe alishafariki. Tumebaki sisi wawili na kikohozi chake.

Amevuta tena. Harufu ya bangi imefika hadi jikoni. Nimechukia. Kisha nikamsikia anacheka peke yake, na kibuyu cha uji kikarudi kitupu. Asipovuta hali kitu, wala halali usingizi. Magoti aliyaacha kwenye mawe ya boma la Wadachi, alipokuwa akibebeshwa kulijenga.

Alhamisi, 9 Machi
Ameinuka baada ya kuvuta, macho yakaingia giza, akashika mgomba. Mgomba ukaanguka, yeye akabaki wima. Nimecheka, halafu nikaogopa. Zamani alivuta akapanda msituni kukata miti, wala hakuyumba. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Moshi wa kiko ndio unaorudi kila siku.

Jumapili, 12 Machi
Mwalimu wa misheni ameniambia niing'oe bangi yote iliyo nyuma ya migomba. Rahisi kusema. Magoti si yake.

Nimemtuma mzee Kaaya, wa rika la mkwe, amwombe apunguze. Kaaya amerudi macho mekundu. Wamevuta wote wawili.

Jumanne, 14 Machi
Ameanguka.

Watu wote walikuwa wamepanda mlimani kuzibua mfereji. Alikuwa ametoka kuvuta, akainuka haraka, kichwa kikapiga jiwe la kizingiti. Nimeita, hakuna aliyeitika. Nikasimama. Mikono nyuma, kama mjinga.

"Usiniguse, mkwe," akasema. "Ngoja watu waje."

Damu ilikuwa imefika shingoni. Nikamwinua. Ni mwepesi kuliko mtungi wa maji. Sikujua kwamba amekonda hivyo.

Jumatano, 15 Machi
Hali kitu. Si uji, si maziwa. Hata kiko hataki. Anatetemeka, anatoka jasho, hajalala. Ameugeukia ukuta ili asinione. Kidonda si kikubwa, ila aibu itamuua. Nina hasira naye, na mwiko huu, na mume wangu aliye mbali. Nimelia nikikata majani ya ng'ombe.

Ijumaa, 17 Machi
Kaaya anasema dawa ipo: pombe ya ndizi, wazee wanywe mbele yake, waniondolee mwiko wa kumgusa. Na mpishi ni mimi, niliyebatizwa. Mwalimu akisikia atanisema. Na aseme. Nimeshabandika ndizi.

Amelamba maziwa kidogo, kwa mkono wa Kaaya.

Alhamisi, 23 Machi
Wazee wamekunywa, wakanitemea pombe mikononi kunibariki. Baadaye nikampelekea uji ndani, mara ya kwanza tangu niolewe. Akaupokea mkononi mwangu. Ameumaliza.

Jumanne, 28 Machi
Mvua. Kidonda kimekauka.

Asubuhi amevuta, kidogo. Kikohozi ni kile kile, na moyo, anasema, humwenda mbio. Sitamng'olea mimea yake, wala sitaacha kumsumbua.

Ila leo hakuinuka peke yake. Alikaa kwenye kigoda mpaka nikamaliza kukamua, akaniita. Akaweka mkono begani kwangu, majirani wakitazama.

"Taratibu, mwanangu," akasema.

Tukaenda taratibu hadi uani.