Wanja wa Mke Mwenzangu

Jang'ombe, 1956

Dada yangu Tabia,

Shikamoo. Tumesharudi kutoka Lushoto, tulikompeleka mtoto mchanga wa Mwamvua, mke mwenzangu, akaonwe na baba mkwe. Kule milimani gari lilikata kona hata Mwamvua akatapika. Mama mkwe, tuliyekuwa naye garini, akamwambia, "Mpe Mwanaasha mtoto."

Unajua Mwamvua alifanya nini? Kabla ya kunipa, alitoa wanja akamzidishia mtoto kwenye paji, kumkinga na kijicho changu! Mbele ya mume wetu! Nikampokea mtoto.

Mtoto akalala, paji lake shavuni kwangu, mpaka juu. Mwamvua alipomchukua, wanja wote ulikuwa umehamia kwangu, na mtoto analia, kanishika buibui.

Nshakoga mara nyingi, dada. Shavu hilo silitii maji.

Nduguyo,
Mwanaasha