Ufunguo wa Pili

Jukwaani, 4 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, isipokuwa mafua ya upepo, ambayo huku ni kama sare ya kazi, kila mtu anayo. Magoti yako je? Na cherehani? Najua utasema vyote viwili vinalia lakini vinakwenda.

Uliuliza hasa nipo wapi. Ni nyumba ya chuma ya ghorofa nne, imesimama kwa miguu yake katikati ya bahari. Imezungukwa na mitambo ya upepo, ile uliyoiita mafeni ya majitu. Umeme wa mafeni yote unaingia kwetu, tunauongezea nguvu kwenye transfoma, kisha unapita kwenye kebo chini ya bahari mpaka bara, mpaka kwenye taa yako ya jikoni. Sakafu ni ya wavu, ukitembea unayaona maji chini ya nyayo zako. Transfoma inanguruma kutwa kucha hata chai inatetemeka kikombeni. Sitakudanganya, wiki ya kwanza niliogopa mpaka chakula hakipiti.

Kinachonituliza ni kufuli. Kabla sijagusa waya wowote, nazima swichi yake kule juu na kuifunga kwa kufuli langu lenye jina langu. Ufunguo unakaa mfukoni mwangu. Hapo hakuna wa kuwasha, hata awe nani. Mwenye ufunguo ndiye mwenye kufuli, na kufuli likiwa pale, maana yake mwenyewe bado yuko ndani.

Sasa usimwambie mtu. Kufuli huja na funguo mbili, na sheria inataka wa pili utupwe mbele ya msimamizi. Mimi nilitupa majini ufunguo wa sanduku langu la nguo, na siku hizi nguo zangu nazifungulia kwa bisibisi. Wa pili wenyewe umo kwenye bahasha hii. Uweke. Ukishikwa na hofu, ushike, ujue hakuna anayeweza kuniwashia umeme.

Mwanao,
Kifungua mimba

———

Nyumbani, 12 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Magoti yanalia, cherehani inalia, mimi ndiye nisiyelia, maana nikianza mimi nani atashona? Mafua hayo unywe maji ya moto na uache ubishi.

Ufunguo umefika. Nimeutia uzi nikauvaa shingoni. Fundi viatu wa mlango wa pili ameniuliza kama nimejenga nyumba ya siri. Nimemwambia ndiyo, iko baharini, akanicheka mpaka akajigonga kidole na nyundo.

Lakini mwanangu, naogopa. Nakwambia wazi, hata kama umekua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baba yako hakuwa na kufuli, alikuwa na rafiki tu. Rafiki alimwambia panda nguzo, nimezima, na kweli alikuwa amezima. Akaja mwingine, akakuta swichi imezimwa, akadhani imesahaulika. Hakuwa mtu mbaya yule. Alikuwa na haraka.

Aliyeletwa kunipa habari alikuwa mtu wa ofisini, viatu vyake safi kabisa. Muda wote aliokuwa anasema nilivitazama vile viatu. Hadi leo, akibisha hodi mtu nisiyemjua, nachungulia kwanza viatu vyake chini ya mlango.

Cherehani ya umeme uliyoninunulia iko chini ya kitanda, bado kwenye boksi. Usinune.

Mama yako

———

Jukwaani, 2 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima na umekaa, maana nataka kukwambia jambo, na sina mwingine wa kumwambia.

Msimamizi wetu tunamwita Sasa Hivi, kwa kuwa kila kitu anakitaka sasa hivi. Si mkali. Akikuona umechoka atakupa hata koti lake. Ila bara wakipiga simu kuuliza kwa nini umeme umepungua, anageuka mtu mwingine.

Wiki iliyopita mpaka rangi wetu aliondoka na boti akasahau kufuli lake kwenye swichi. Sheria inasema kufuli la mtu halikatwi mpaka jukwaa zima litafutwe, kisha apigiwe simu mwenyewe au mtu wa kwao. Sasa Hivi alipiga simu tu. Mpaka rangi alijibu akiwa kwa kinyozi, povu masikioni. Kufuli likakatwa, umeme ukarudi, tukacheka wote, na mimi nilicheka.

Mama, ule mkasi mkubwa wa kukatia chuma ulikuwa ndani ya kisanduku cha kioo, chini ya lakiri. Sasa unaning'inia nyuma ya mlango wa ofisi yake, kando ya koti. Nimeuona asubuhi hii. Nilizoea kuogopa umeme. Kumwogopa mtu anayenipa koti lake sijazoea.

Nakuja likizo tarehe ishirini na mbili. Boti ikishatia nanga, nitakuwa kwako kabla ya chakula cha jioni.

Mwanao

———

Nyumbani, 10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kwa nje.

Barua yako nimeisoma mara nyingi hadi nimeshona mkono wa gauni mahali pa mfuko. Mwenye gauni ni mke wa fundi viatu, amelichukua hivyo hivyo kwa huruma.

Huyo bwana namjua. Sijawahi kumwona lakini namjua. Sina la kukufundisha kuhusu kazi yako, ila nakuomba, usifanye kazi huku akili ipo safarini. Nimekutandikia kitanda. Njoo.

Mama yako

———

Jukwaani, 24 Aprili

Mama,

Shikamoo. Ni mimi ninayeandika, mkono wangu mwenyewe, tazama herufi.

Bahari imechafuka, boti haziji, ndiyo maana sijafika; barua hii anaibeba rubani wa helikopta ya wakubwa, nafasi ni yao tu, ila majibu yako atanirudishia. Kwenye simu uliniuliza, "Ni wewe?" Nikasema ni mimi. Ukakata. Nilibaki na simu mkononi kama mjinga.

Sikiliza yaliyotokea. Siku ile ya kuja kwako boti iliwahi kwa kuogopa mawimbi. Mpishi alikuwa anajikunja kwa maumivu ya tumbo na nafasi zilikuwa zimejaa. Nikampa yangu. Nilimwambia apite ofisini amwambie Sasa Hivi kwamba mimi nimebaki. Masikini, alikuwa anatapika, akapitiliza botini. Mimi nikashuka chumba cha kebo kumalizia kazi yangu, kufuli likiwa kwenye swichi juu kama kawaida. Kule chini, kwa mngurumo ule, husikii hata ukiitwa jina.

Bara wakapiga simu: upepo ni mwingi, umeme uko wapi? Sasa Hivi akatazama orodha ya boti, akaona jina langu. Akatazama swichi, akaona kufuli langu. Kufuli jingine limesahaulika, akasema. Jukwaa hakulitafuta. Akakupigia wewe.

Mimi mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye shaba. Nikaona buti ngazini, kisha mkasi, kisha uso wake. Aliponiona alikaa palepale kwenye ngazi. Akasema, "Mama yako yuko kwenye simu."

Ulimwambia nini, Mama? Nimemuuliza, anatikisa kichwa tu. Mkasi ameutupa baharini, kisha amewaeleza wakubwa kila kitu mwenyewe, na ameomba aondolewe. Naogopa kufumba macho. Nikifumba naiona ile shaba.

Na wamejua habari ya ufunguo wa pili. Hawajanifukuza, wanasema wataamua. Wanautaka uharibiwe. Tarehe ishirini na nane mtu wa ofisini atakuja hapo nyumbani kuuchukua.

Mwanao, mzima

———

Nyumbani, 26 Aprili

Mwanangu, mwanangu,

Marahaba. Nimezitazama herufi. Ni zako, mbaya vilevile.

Nilikuwa nakukaangia vitunguu simu ilipolia. Sauti ya mwanamume, ina adabu. Akasema, "Mama, mwanao yuko njiani kuja, amesahau kufuli lake huku, tunalikata, nakupa taarifa tu."

Nikamuuliza, "Umemwona akipanda boti?"

Akasema, "Jina lake liko kwenye orodha."

Nikasema, "Sikukuuliza jina."

Akaanza kunieleza habari za upepo na umeme na watu wa bara wanaongoja. Mwanangu, sikuwa na akili yoyote. Mkono ukaenda shingoni wenyewe, ukaukuta ufunguo. Nikamwambia, "Baba, mwenye ufunguo ndiye mwenye kufuli. Ufunguo ninao mimi, nimeushika hapa. Kufuli ni langu. Na mimi bado niko ndani."

Akasema, "Mama, tafadhali."

Nikamwambia tena, "Niko ndani, baba. Usiwashe. Njoo unitafute."

Simu ikawekwa mezani, haikukatwa. Nilisikia buti zikienda, halafu ule mngurumo. Huo ndio unaoishi nao kila siku? Niliusikiliza nikiwa nimepiga magoti, haya mabovu, na vitunguu vikaungua jikoni. Sikuomba dua. Nilikuwa nasema tu, niko ndani, niko ndani, mpaka uliposhika simu. Nilikata kwa sababu ningeongea neno lingine ningepiga kelele mtaa mzima ukakusanyika.

Huyo bwana usimchukie. Yule wa baba yako hakumpigia mtu simu.

Ufunguo simpi mtu wa ofisini. Waambie hivyo mara uipatapo barua hii, hata kama ni kwa simu yao. Sitaki viatu safi mlangoni pangu, hata vikija kwa heri. Nikisikia hodi ya mgeni keshokutwa, roho yangu itatoka kabla sijauliza ni nani. Wakiutaka uharibiwe, uharibiwe, ila utakuja kuuchukua wewe, kwa miguu yako, bahari ikitulia. Usibishe hodi. Anza kuniita tangu kule kwa fundi viatu, kwa sauti, nikusikie unavyokuja.

Mama yako,
mwenye kufuli