Kwa Nini Mdogo Wako Anajipikia

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wajukuu wote. Goti linaendeleaje? Natumaini ile dawa ya kuchua imekusaidia, na sasa unapanda ngazi bila kumtukana aliyezijenga. Sisi huku ni wazima. Mume wangu Fundi hajui kama nakuandikia, lakini salamu zake kwako ni za kila siku, basi zipokee.

Ujumbe wako niliupata. Nimeusoma nimekaa, nikausoma tena nimesimama. Umeuliza kwa ukali, na ni haki yako wewe uliyembeba mgongoni, imekuwaje mdogo wako anajipikia na kujioshea sufuria wakati ndani ya nyumba kuna mke mzima, tena mke aliyekuwa mpishi mkuu wa kantini. Umesema ulipompigia simu alikujibu kwamba amestaafu, anapika kujichangamsha tu. Wifi, amekudanganya. Amenisitiri mimi.

Unakumbuka alipoacha kazi ya kuchomelea vyuma, presha ilikuwa imempanda vibaya. Muuguzi wa zahanati alimwambia apunguze chumvi na mafuta, halafu aanze kunyanyua vitu vizito, maana umri wetu huu misuli inaondoka bila kuaga. Mtu mwingine angeitikia na kusahau akifika mlangoni. Yeye alitafuta bomba la chuma, akajaza saruji kwenye makopo ya rangi, akayachomelea huku na huku, na asubuhi yake alikuwa uani ananyanyua. Majirani walimcheka, wakambandika jina la Kijana. Hakujali. Mvua yumo, jua yumo. Nilikuwa namchungulia dirishani naona mabega yanarudi, nami na uzee wangu huu naona haya kama mchumba. Usicheke.

Tatizo lilikuwa sahani. Siku ya kwanza nilimpikia vilevile alivyoagizwa. Alikula nusu, akashukuru, akaisukuma pembeni. Wifi, mimi nimelisha kiwanda kizima, mafundi, madereva na mabosi wao, na pale dirishani kwangu sahani zilikuwa zinarudi zimerambwa. Ile nusu sahani ilinichoma. Niliogopa akiendelea hivyo ataacha masharti yote. Na nisikufiche, niliogopa vilevile kwamba hatanisifu tena.

Kesho yake alimaliza chakula chote. Akasema hakujua kabisa kuwa chakula kisicho na mafuta kinaweza kuwa kitamu namna ile. Akawatangazia wastaafu wenzake, mpaka wake zao wakaja kujifunza kwangu. Niliwafundisha, wakaenda, wakarudi wakilalamika mbona vyao havikolei. Nikawaambia ni mkono tu, kila mtu na mkono wake.

Lakini presha haikushuka. Kila tukienda zahanati muuguzi anatikisa kichwa. Akamwongezea dawa, dawa ikamletea kizunguzungu, siku moja nusura aanguke bafuni. Fundi akajilaumu mwenyewe. Akaongeza uzito wa vyuma, akaacha hata sukari kwenye chai ambayo hakuna aliyemkataza. Unajua marehemu kaka yenu alivyoondoka, kwa presha hiyohiyo, na hilo ndilo lililokuwa kichwani mwake muda wote. Mwisho akaviburuta vyuma vyake mpaka stoo. Akaniambia kwa upole kwamba amejaribu kila kitu, mwili umemkataa, nisijisumbue tena kumpikia cha peke yake. Tule tu, Mungu ndiye anayejua.

Wifi, mwili haukumkataa. Ni mimi. Tangu siku ile ya pili nilikuwa nakaanga vitunguu kwa mafuta mpaka vinaiva rangi ya kahawia, navichanganya na maharage, halafu nalaza kipande cha mkate juu ya mchuzi kinyonye ule mng'aro wa mafuta asiuone. Mboga nilikuwa nazichemsha kwenye maji ya chumvi, maji namwaga, chumvi inabaki ndani. Ufundi wangu wote wa kantini niliutumia kumdanganya mume wangu. Nilijiambia ni kidogo tu, hakitamdhuru. Lakini nilipokuwa namtazama akihema na vile vyuma vyake, nilijua. Nilijua, na bado nikampakulia.

Nilimwambia palepale mlangoni mwa stoo. Nilitegemea atanifokea, na ningeshukuru. Alikaa juu ya ndoo, akacheka, kisha akalia, akisema kumbe si mwili wake. Halafu akaniuliza kama hata siku ile ya kizunguzungu nilitia. Nikasema ndiyo. Aliinuka akavitoa vyuma nje.

Tangu siku hiyo anajipikia. Hanisemi, wala hanuni. Tunakaa meza moja, ananiuliza habari za mgongo wangu, ananitania kama zamani. Presha imeshuka, muuguzi amempunguzia dawa, suruali zinamvuka kiunoni. Nafurahi, Mungu ni shahidi yangu. Basi nakuomba usimgombeze tena kwa ajili ya jiko. Ukitaka kugombeza, wa kugombezwa ni mimi, na wala usiniombee msamaha kwake, maana anasema alishanisamehe.

Jana alipomaliza mazoezi nilimmenyea chungwa, nikampelekea uani kwenye kisahani. Alinishukuru, akaligeuzageuza mkononi, akalitazama, kisha akalirudisha taratibu kwenye kisahani na kusema atakula baadaye. Hakulila. Chungwa, wifi. Kwenye chungwa ningetia nini?

Wasalimie wajukuu, na goti lako ulichue kila jioni bila uvivu. Mimi nipo.

Wifi yako akupendaye,
Mke wa Fundi